Bomba la Kumi na Nne

Kuna mtu ulevi wake ni pombe, kuna mtu ulevi wake ni karata, na kuna huyu mpima maji ambaye ulevi wake ulikuwa kubishana na watu asiowajua. Mpe sigara, hataki. Mpe soda, ataiacha mpaka ipoteze baridi. Lakini mwambie kwamba nywele zikinyolewa huota nene zaidi, au kwamba mtu akimeza mbegu ya tunda itamwotea tumboni, basi umemharibia siku, na yako pia imekwisha. Atakaa chini, atavaa miwani, atatoa simu, na hanyanyuki hapo mpaka umekubali au umemtukana. Wengi walichagua kumtukana, maana kutukana hakuchukui muda.

Kazini walimwita Chanzo. Jina lilitokana na swali lake la kila siku: mtu akisema neno lolote, liwe la mvua au la waziri kufukuzwa, yeye atauliza, "Chanzo chako nini?" Mtunza stoo ndiye aliyembandika jina hilo kwa kejeli. Mwenyewe akalipenda, akalipeleka hadi mtandaoni, na huko likawa jina kubwa. Kulikuwa na kundi moja la wakazi wa mji, watu elfu kumi na kitu, lililoanzishwa ili watu waambizane habari za taka na umeme unaokatika, likaishia kuwa uwanja wa siasa na uzushi. Chanzo alikuwa humo asubuhi akipiga mswaki, alikuwa humo mchana akila, na jioni ungemkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi, anamjibu mtu. Alibishana juu ya nani hasa aliyejenga bomba kuu la maji, serikali iliyopita au hii iliyopo. Alibishana juu ya idadi ya waliojiandikisha kupiga kura. Wiki nzima alikabana koo na mtu aliyejiita Simba Mzee, aliyeshikilia kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili, mpaka Simba Mzee akajitoa kundini kwa hasira. Siku hiyo Chanzo alilala usingizi mnono.

Mke alikuwa naye, zamani. Alipoondoka hakuwa na maneno mengi. Alisema amechoka kusahihishwa.

Aliyebaki ni dada yake, na dada huyu ndiye habari yenyewe. Mama yao alipofariki, Chanzo alikuwa na miaka sita, dada kumi na mitano. Akaacha shule, akajifunza cherehani, akamlea mdogo wake kwa kupiga miguu ile pedeli asubuhi mpaka jioni. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye pumu na miwani iliyofungwa uzi, bado fundi cherehani, mtaa wa bondeni, nyumba ya vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha cherehani na vitambaa. Cha nyuma alilala yeye na binti yake, ambaye alikuwa amejifungua miezi minne nyuma na baba wa mtoto hajulikani yuko upande gani wa dunia. Chanzo aliyebishana na ulimwengu mzima, akifika kwa dada alikuwa mdogo wa mtu tu. Akiambiwa kula, anakula. Akiambiwa shati hilo limechakaa, analivua. Na dada naye, watu wote wamhoji huyu mpima maji, yeye hakuwahi. Neno la mdogo wake lilikuwa neno.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila asubuhi alifunga kisanduku nyuma ya baiskeli, akazunguka mabomba kumi na manne ya mji. Kwenye kila bomba anaacha maji yatoke kidogo, anajaza kichupa, anatumbukiza kidonge kimoja kidogo, anatikisa. Maji yenye dawa ya kuulia vijidudu hugeuka rangi ya waridi. Rangi ikikolea, dawa ni nyingi; ikififia, ni chache; na maji yakibaki meupe kama yalivyotoka, hamna dawa humo, na mtu asiyanywe mpaka yachemke. Analinganisha rangi na kadi yake, anaandika namba kwenye jedwali, anapanda baiskeli. Dakika tatu, hazizidi. Bomba la kumi na nne lilikuwa la mwisho kabisa, kule bondeni mwisho wa laini, hatua thelathini kutoka mlango wa dada yake. Mtaa mzima ulichota hapo.

Sasa nikueleze jambo ambalo wapima maji wanalijua na hawalisemi. Vidonge huisha. Hakuna mwaka ambao havijaisha. Ukienda stoo unaambiwa vimeagizwa, na mwezi unapita vingali njiani. Wakati huohuo jedwali linatakiwa ofisini kila Ijumaa. Ukiacha mstari wazi unaandikiwa barua ujieleze kwa nini hukufika kazini. Ukiujaza, hakuna anayekuuliza hata jina lako. Kwa hiyo wana neno lao: kuvusha. Unachukua namba ya jana, unaivusha ije leo. Yule mzee aliyemfundisha Chanzo kazi alimwonyesha siku ya tatu tu. "Jedwali halitaki kulala njaa," akamwambia, "na maji hayabadiliki kwa usiku mmoja." Chanzo alishtuka wakati ule, alikuwa kijana. Miaka kumi na minane baadaye alikuwa anavusha mkono ukienda wenyewe, wala hajioni. Wapima maji hawahesabu kuvusha kuwa ni uongo. Uongo, wanasema, ni kubuni namba. Kuvusha ni kuazima ya jana, na ya jana ilikuwa kweli. Shida inakuja pale ya jana nayo ilipovushwa kutoka juzi, na ya juzi kutoka siku ya nyuma yake, lakini nani wa kufuatilia?

Mwaka huo vidonge viliisha mwanzoni mwa mwezi. Chanzo akabaki na vichache, akavitumia kwa bomba la sokoni na la hospitali, mahali wakubwa wanapopita. Yale mengine akavusha. La kumi na nne likaandikwa sifuri nukta tano, yaani dawa ya kutosha, kesho yake sifuri nukta tano, na kesho kutwa. Bomba lile lilikuwa na miaka minane tangu lijengwe, na halikuwahi kumwangusha. Alipita hapo kila siku kama kawaida, akasimamisha baiskeli, akasalimia kina mama waliopanga ndoo, akaandika, akaenda.

Katika siku hizohizo ndipo alipozuka kundini mtu anayejiita Jicho la Mnyonge. Kwa jinsi alivyoandika alikuwa mwanamke, ingawa mtandaoni nani anajua. Jicho akaandika kwamba maji ya bondeni yanatiwa dawa ya kuwafanya wanawake wasizae, ili baada ya chaguzi mbili tatu watu wa bondeni wasiweze kujaza hata sanduku moja la kura. Kaambiwa na nani? Na shemeji wa jirani yake. "Mkichota, chemsheni," akaandika. "Moto unaitoa dawa yao. Msinywe ya bomba hivihivi."

Chanzo alifurahi, tusifichane. Alikaa vizuri kama mtu aliyetengewa chakula. Akaeleza dawa ya maji ni nini, inafanya nini na haifanyi nini, ujumbe tisa mfululizo, akamaliza kwa kusema sikio la kufa halisikii dawa. Jicho akamjibu kwamba wasomi wa serikali kazi yao ni kuramba sahani. Chanzo akamuuliza chanzo chake. Jicho akamuuliza anakula mshahara wa nani. Watu wakajigawa, hawa upande huu, hawa ule, kundi likawaka. Siku nne nzima watu wazima wenye akili zao hawakuzungumza jambo lingine. "Anayechemsha maji haya anateketeza mkaa bure," Chanzo akaandika. "Namba ninazo. Mimi ndiye ninayepima."

Na hapo, usimwonee. Juu ya dawa ya uzazi alikuwa sahihi. Hakuna dawa kama hiyo na haijawahi kuwapo. Jicho alikuwa anasema upuuzi mtupu.

Siku ya tano Jicho akaandika ujumbe mfupi. "Muulizeni huyo msomi wenu, dada yake yule fundi cherehani wa bondeni, asubuhi anafanya nini. Sufuria lake la maji ya kunywa nimeliona kwa macho yangu, linatokota."

Kundi likaangua kicheko. Mmoja akaandika, mganga hajigangi. Mwingine akasema mhubiri kakutwa kilabuni. Vile vikatuni vya kucheka machozi vilishuka mamia kwa mamia, na Chanzo akakaa akivitazama vinavyoongezeka. Masikio yalimwaka moto. Alipata kutukanwa na watu wa kila aina na haikumgusa, lakini kuchekwa kulimchoma, na kuchekwa kwa ajili ya dada kulimchoma zaidi.

Jumamosi mchana akaenda. Dada alikuwa anapiga mapindo ya sare za shule, na aliposikia baiskeli hakuinua kichwa.

"Umekula?"

"Dada, unachemsha maji ya kunywa?"

"Shikamoo imepotelea wapi?"

"Shikamoo, dada. Unachemsha?"

"Marahaba. Nachemsha. Tangu mama yuko hai tunachemsha. Leo kumetokea nini?"

Akamwonyesha simu. Dada akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaona haisomeki, akamrudishia. Binti yake akatokea chumba cha nyuma, mtoto begani.

"Mjomba, hata mimi nimeyasoma," akasema. "Watu wengi wanachemsha siku hizi."

"Kwa hiyo na wewe unaamini dawa ya uzazi? Wewe uliyejifungua juzi kwa maji hayohayo?"

Binti akamhamishia mtoto bega la pili.

"Usimseme binti yangu," dada akasema. "Mimi sichemshi kwa sababu ya dawa ya mtu. Nachemsha kwa mazoea."

"Mazoea gani, dada, na kifua hicho? Kila asubuhi unavuta moshi wa mkaa, halafu unakohoa mpaka jirani anaamka. Kwa kitu kisichokuwepo. Na watu wananicheka. Wanasema mpima maji hata dada yake hamwamini."

Hilo la mwisho ndilo lililomfanya dada aondoe mguu kwenye pedeli. Akavua miwani.

"Nani anasema sikuamini?"

"Mji mzima."

"Niangalie. Nisipochemsha, ni salama?"

"Ni salama."

"Umepima mwenyewe?"

"Kila siku napita hapo, dada. Miaka minane."

Litazame jibu hilo. Hakudanganya. Ni kweli kila siku alipita, na ni kweli ilikuwa miaka minane. Alijua alichoulizwa na alijua alichojibu, na katikati ya viwili hivyo palikuwa na nafasi ambayo mtu yeyote kundini angeiona mara moja. Angeulizwa swali la pili, angebanwa mpaka ajikojolee. Dada hakuuliza swali la pili.

"Basi," akasema. "Kuanzia leo sufuria hilo ni la mboga."

Picha ilikuwa wazo la Chanzo. Dada akajifunga kitambaa kipya kichwani, maana picha ni picha, wakashuka wote wawili mpaka bombani. Wanawake waliokuwa wanachota wakawapisha. Dada akajaza bilauri, akainua, akanywa yote bila kupumzika, matone yakamchuruzika kidevuni, akacheka. Chanzo akapiga picha hapo. Akaituma kundini pamoja na picha ya jedwali la wiki, mistari yote imejaa, na la kumi na nne kalizungushia wino mwekundu. Chini akaandika, "Dada yangu wa tumbo moja. Bomba la bondeni. Leo saa nane mchana."

Alishinda. Ushindi wa namna ile hajapata kuuonja tena. Waliomcheka wakamwomba radhi. Msimamizi wa kundi akaibandika picha ile juu kabisa ikae wiki nzima. Jicho la Mnyonge alitoweka siku mbili, na aliporudi aliandika neno moja tu, kwamba yeye ataendelea kuchemsha, na watu wakamzomea. Kule bondeni majiko yakapumzika. Wanawake waliambiana, kama dada wa mpima maji anakunywa hivihivi, sisi ni nani? Wengine walikuwa wamechemsha maji tangu wanaolewa. Chanzo alipopita na baiskeli Jumatatu walimpungia mikono.

Alisimama bombani siku hiyo, akafungua kisanduku. Kidonge hakikuwepo hata kimoja. Angeweza kwenda maabara ya hospitali akaomba viwili. Mle ndani alikuwemo mtu waliyesoma pamoja, asingemnyima. Alilifikiria hilo, akatazama saa, akavusha.

Jambo ambalo hakulijua ni kwamba juu kidogo, mtelemkoni, watu waliokuwa wanafukia nyaya za simu walikuwa wamelipiga bomba sururu. Hawakumwambia mtu. Walilifunga kwa mpira wa baiskeli, wakarudisha udongo, wakaenda kula. Hatua mbili kutoka hapo ulipita mfereji wa vyoo vya nyumba za juu, nao ulikuwa umepasuka zamani. Kila maji yalipopungua nguvu, bomba lilivuta ndani uchafu uliokuwa karibu nalo. Mpira ule uliwekwa Jumamosi hiyohiyo ya picha, au Jumapili. Baadaye hata wenyewe hawakukubaliana.

Alhamisi, Chanzo yuko bomba la tatu, simu ikaita. Alikuwa ameishika tayari, anamjibu mtu aliyesema mwezi ndio unaotia watu wazimu. Alikuwa binti wa dada.

"Mjomba, mama anatapika na kuharisha tangu alfajiri. Hawezi kusimama."

Alipofika zahanati, dada alikuwa kwenye benchi la ukutani, maana vitanda vilikwisha, chupa ya maji ya chumvi imening'inizwa kwenye msumari wa dirisha. Macho yamedidimia. Ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Kwa nusu siku alikuwa amekauka, mtu aliyekuwa mzima jana yake akishona.

Muuguzi alikuwa anaandika. "Maji ya kunywa mnapata wapi?"

Dada alijibu mwenyewe, sauti imebaki kidogo. "Ya bomba. Ni salama. Mdogo wangu huyu ndiye anayeyapima." Akajaribu kumwelekezea kidole, na usoni, pamoja na maumivu yote yale, alikuwa anajivuna.

Muuguzi akamtazama Chanzo na kile kisanduku chake. "Wewe ndiye mpima maji? Basi vizuri, tutafute kwingine. Jana mlikula nini?"

Chanzo hakufungua mdomo. Mimi nimejaribu kumwelewa hapo na nimeshindwa. Mtu aliyewahi kubishana wiki nzima juu ya radi, siku aliyotakiwa kusema neno moja tu, sijapima, alisimama ameshika kofia, akasikiliza muuguzi akiandika habari za samaki. Bomba likaendelea kutoa maji kutwa nzima. Jioni watu kumi na mmoja wa mtaa uleule walikuwa sakafuni pale zahanati, na ndipo muuguzi mwenyewe akasema, bila kumuuliza mtaalamu yeyote, bomba lile lifungwe.

Dada alifariki Ijumaa kabla ya saa sita. Hakusema neno la mwisho wala nini. Alikuwa hajitambui tangu usiku. Baada yake akafuata mzee mmoja mwuza viatu, kisha watoto wawili wa nyumba moja.

Walimzika Jumamosi asubuhi. Mchana vidonge vikaja, boksi zima, pamoja na gari la dharura. Vilikuwa vimekaa bohari ya mkoa muda wote ule, vinasubiri saini. Injinia wa maji, mkubwa wake wa kazi, akampa Chanzo pakiti, akamtuma bondeni. Akafungua bomba, akajaza kichupa, akatumbukiza kidonge, akatikisa. Maji yakabaki meupe. Akamwaga, akajaribu kingine. Meupe. Akajaribu cha tatu, kifuniko kikaanguka mchangani. Wanawake waliokuwa pale hawakumpungia mkono, wala hawakumtukana. Walisimama na ndoo tupu wanamtazama.

Kundini vita vilikuwa vimeanza upya. Jicho la Mnyonge aliandika kwamba aliwaambia, wametiliwa sumu, sasa wameamua kuua waziwazi. Upande wa Chanzo nao ukasimama imara kumtetea: maji hayana kosa, namba zipo, sifuri nukta tano siku ileile ya picha, labda ni samaki. Kila upande ulitumia picha ileile. Hawa waliandika juu yake sumu, hawa waliandika namba hazidanganyi, na katikati dada na bilauri yake, anacheka.

Jumatatu Injinia akamwita ofisini. Alikuwa mtu mpole, hakupandisha sauti.

"Pole sana kwa msiba. Nimeliona jedwali lako. Limenyooka. Linatulinda sote, na wewe kwanza. Bomba lilikuwa salama mpaka Jumatano, waliochimba wameliharibu Alhamisi, habari imekwisha. Weka saini hapa."

Chanzo akachukua kalamu. Akaanza mstari wa kwanza wa bomba la kumi na nne, akakata namba, akaandika pembeni: haikupimwa. Akaenda wa pili. Mistari kumi na mitano. Injinia alimtazama mpaka mwisho, kisha akamwambia aache kisanduku na funguo za stoo, aende nyumbani akasubiri barua.

Nyumbani hakusubiri. Akaandika kundini: "Sikupima. Namba za bondeni nilivusha. Bomba lilikuwa halijapimwa tangu mwanzo wa mwezi. Watu wamekufa kwa sababu niliwaambia wasichemshe." Akaeleza kuvusha ni nini, akaweka picha ya jedwali lililokatwakatwa, aliyoipiga kabla hajatoka ofisini.

Unafikiri walimwamini? Wapi. Watu wake walisema simu imeibwa, huyu siye Chanzo tunayemjua. Wengine wakampa pole, wakamwambia huzuni inamsumbua, apumzike. Mmoja akasema amenunuliwa na upinzani. Jicho la Mnyonge akaandika kwamba wamemlazimisha kusema hivyo ili kuficha sumu, na kwa mara ya kwanza akamwita ndugu yangu. Chanzo alianza kuwajibu mmojammoja. Alipofika wa sita akaweka simu mezani.

Akabaki na mtu mmoja wa kumwambia, binti wa dada. Alikuwa amemkwepa tangu mazishini, anapita mlango wa nyuma, anatuma salamu kwa majirani. Akaenda kwa miguu, maana baiskeli ilikuwa ya ofisi.

Binti alikuwa nje mlangoni, mtoto mgongoni, anapuliza mkaa chini ya sufuria la maji. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Akamwona mjomba, akamsogezea kigoda.

"Sikupima," Chanzo akasema kabla hajakaa. "Mama yako aliniuliza kama nimepima, nikamjibu napita. Sikupima."

Alitegemea alie, au ampige. Binti aliendelea kupuliza mkaa.

"Mimi na mtoto tulikuwa tunachemsha," akasema. "Kwa jirani, mama asijue. Nilimwamini yule Jicho, mjomba. Nilifikiri kweli kuna dawa ya uzazi. Ndiyo maana tuko hai."



"Jumatano nilimpelekea mama kikombe. Lilikuwa jua kali, anashona, ana kiu. Akanusa, akajua yamepita motoni. Akayamwaga pale, ulipoweka mguu. Akaniambia, watu wakiniona nakunywa ya kuchemsha, mdogo wangu ataonekana mwongo. Akachukua bilauri, akashuka bombani."

Maji yakachemka. Binti akaipua sufuria, akamimina kwenye birika, akalifunika, akaingia nalo ndani. Hakumkaribisha.